Oili ya Pikapu ya Mzee

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alianza kupoteza majina ya watu kabla hajapoteza kitu kingine chochote, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nikimfichia. Mimi majina hayanitoki. Naweza kukutajia kila mtoto niliyesoma naye hadi darasa la tatu nilipotolewa shule, na mama zao, na boma walikoolewa, na hata ng'ombe wa mahari waliokuja kuwatoa kwao, maana nao walikuwa na majina. Hapa sitayaandika, kwa kuwa wengi wako hai na wanapita kwangu kila siku wakienda mtoni, lakini yote ninayo. Basi tukienda matangani nilikuwa natangulia mbele yake kidogo, na mtu akija kutusalimu mimi nawahi kumtaja kwa sauti, jina lake na la babake. Mzee analidaka hilo jina, anaita kwa furaha kama mtu aliyeamka nalo asubuhi. Watu walikuwa wakisema, huyu mzee ana kichwa. Nami nanyamaza.

Lakini kwenye kazi ya gari hakuna jina la kumnong'onezea mtu.

Pikapu yetu ni ya dizeli. Aliipata Lugari, kule alikokuwa akiendesha trakta za mzee mmoja wa mahindi, na siku aliyokuja nayo hapa Ikolomani watoto waliifuata kutoka barabara ya lami mpaka kwenye ua wetu. Imebeba mahindi, imebeba mabati, imebeba maharusi na majeneza, na wakati mwingine vyote hivyo katika mwezi mmoja. Siku hizi kazi yake kubwa ni akina mama wa mboga. Siku ya soko wanapanda nyuma na magunia ya mrenda na saga na kunde, inawapeleka Kakamega mjini, jioni inawarudisha. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka magoti yalipokataa.

Daktari alipomwambia mzee asishike usukani tena, nilijiandaa kwa vita. Havikuja. Alimpa ufunguo kijana wetu wa mwisho, mtu mzima sasa, ana watoto wake, akasema, "Kuendesha ni kazi ya macho, na macho ni yenu. Oili ni yangu." Na ikawa hivyo. Kila muda wa kubadilisha oili ukifika, kijana analeta mtungi mpya na filta kutoka mjini, anaweka stoo, na mzee anafanya. Hakuwahi kupeleka hilo gari kwa fundi kwa ajili ya oili. Alikuwa akisema mtu anayefunguliwa gari lake na mwingine hajui kilichomo ndani, kama mtu anayelishwa gizani.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu, na mimi niliujua kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimpokeza spana tangu tukiwa Lugari. Anaanza asubuhi, umande haujakauka. Anawasha injini kidogo ipate uvuguvugu, maana oili baridi haitoki yote. Anazima, anafungua boneti, anatandika gunia, anasukuma karai chini, anafungua nati ya tumboni mwa injini. Na boneti haifungwi mpaka oili mpya iingie. Hiyo ilikuwa sheria. Ukipita ukaona boneti iko wazi, unajua gari bado lina njaa, hata ufunguo usiuguse.

Sasa huku kwetu kuna mvua ya mchana. Anayeishi hapa hahitaji kuambiwa. Jua linapanda vizuri, unaanika mahindi, na baada ya chakula wingu linatoka upande wa msitu na unaanza kukimbia. Ndiyo sababu mzee alikuwa anaanza asubuhi. Lakini mwaka huo asubuhi zake zilikuwa zimeanza kurefuka. Siku yenyewe alitafuta spana ya ile nati mpaka jua likawa utosini, akaipata stoo ndani ya debe la mbegu, na hakuna aliyejua ilifikaje humo. Akalala chini akaimwaga oili. Ikawa inadondoka matone ya mwisho wakati mvua ilipoanza kupiga mabati ya banda la kuku. Akafunga nati haraka, akatoka, akaifunga boneti ili maji yasiingie kwenye injini, akaja mbio ndani na mikono yake myeusi. Nikampa chai na viazi vitamu. Mvua ilipokatika akaenda kumtazama ng'ombe. Jioni akaniambia, "Ile kazi ya oili imekwisha."

Nilitazama nje. Boneti ilikuwa imefungwa.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya soko. Akina mama walipanda kama kawaida, kijana akawasha, wakatoka. Hawakufika hata lami. Kwenye kile kilima kabla ya daraja injini ilianza kugonga, na ile taa nyekundu ya oili, ambayo kwenye pikapu yetu huchelewa tu kuzima asubuhi, ikakataa kuzima kabisa. Kijana akasimama pale pale akazima gari. Akatoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakitoa tena. Kikavu. Akina mama wakashuka na magunia yao wakakaa kando ya barabara. Walipomaliza kumpigia kelele yeye wakaanza kunipigia simu mimi. Oili mpya tuliikuta stoo, mtungi haujafunguliwa kifuniko.

Injini haikufa. Fundi aliyekuja kuitazama alisema kilichoiokoa ni ile oili kidogo inayogandama ndani hata ukiimwaga, na kwamba kijana alisimama mapema. Ilitiwa oili ikaamka, ila mpaka leo ina mlio mdogo ukiisikiliza asubuhi, tok, tok, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu.

Kijana alikuja kwangu jikoni. Hakukaa.

"Mama, mzee asiguse hiyo gari tena."

"Mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia leo ananisikia, kesho ameshasahau kwamba nilimwambia. Dawa ni spana zisionekane."

"Na utaziweka wapi?"

"Kwangu."

"Fikiria vizuri, baba."

"Nimefikiria nikiwa pale daraja, mama. Nilikuwa nimebeba watu."

Spana za mzee zinakaa ndani ya kipande cha turubai alichokishona mwenyewe, kila moja na mfuko wake. Kijana alikikunja, akaenda nacho.

Mzee alizitafuta. Kwanza alisema ni wale vijana wanaochimba dhahabu huko Malinya, wanaopita na matope mekundu mpaka masikioni, kwamba wamechukua spana zake wakavunjie mawe. Nikamwacha aseme. Akatafuta stoo, chini ya kitanda, kwenye banda la ng'ombe. Halafu siku moja alienda kwa kijana kusalimia wajukuu, akaliona lile turubai juu ya kabati.

Hakupiga kelele. Alirudi, akakaa kwenye kiti chake hapo mlangoni, akavua kofia, akazipapasa zile nywele zake chache.

"Mama, niletee wembe."

"Wembe wa nini, mzee?"

"Mninyoe. Si mmeshagawa vitu?"

Nieleze hapa, maana kuna wasomaji wasio wa kwetu. Mtu mzima akifa kwetu, baada ya maziko kuna siku ya kunyoa. Familia inanyolewa nywele, wazee wanakaa, wanaulizana marehemu aliacha nini na nani. Nguo zake zinatolewa, kiti chake, fimbo yake, jembe lake, na kila kitu kinapewa mtu. Kabla ya siku hiyo hakuna anayegusa. Hata koti likining'inia msumarini linabaki hapo. Na kuchukua kifaa cha mwanaume aliye hai, ukakiweka kwako, ni kumwambia kwamba wewe kikao chako umeshakaa.

Jioni nilimwekea obusuma, ugali wetu, na mboga. Aliitazama sahani.

"Wewe umeona wapi maiti anakula?"

"Mzee, kula."

"Mpelekee aliyerithi."

Siku hiyo hakula, wala iliyofuata, ila uji kidogo nilipomwambia ni dawa. Mambo mengine yote yalikuwa yakimtoka kichwani, lakini hili lilikaa. Ndilo lililonitesa zaidi. Angeamka hajui kama ni asubuhi au jioni, angeniuliza mara ngapi kama mama yake amekula, na mama yake tulimzika zamani. Lakini spana ziko kwa kijana, hilo analo. Kama ningepewa kuchagua kitu kimoja cha kumtoa kichwani, ningechagua hicho.

Ndugu yake mkubwa akasikia. Haijulikani nani alimwambia. Huku kwetu habari hazina mwenyewe. Alikuja na fimbo yake, akakataa kiti, mimi akaniita kama shemeji huitwavyo kwetu.

"Mulamwa, nasikia katika boma hili kuna mtu amenyolewa akiwa hai."

Nikamwita kijana. Alikuja akipangusa mikono.

"Baba mkubwa, kaa kwanza."

"Sikai. Zile spana rudisha."

"Baba mkubwa, wewe hupandi nyuma ya ile gari. Wanaopanda ni akina mama. Nikiwaangusha pale daraja, hicho kikao chenu cha kunyoa kitakuwa katika maboma mangapi?"

"Spana haiwezi kuangusha gari."

"Oili inaweza."

"Babako alikuwa anafungua injini wewe ukiwa hujui kujipangusa kamasi."

"Najua. Na sasa anauliza kama nyanya amekula."

Shemeji yangu aliegemea fimbo yake. Halafu akasema, polepole, "Wewe unalilia injini. Mimi namlilia ndugu yangu."

"Na mimi ni babangu," kijana akasema. "Msifikiri mimi napendanga hii."

Walikuwa wanaongea hivyo mzee mwenyewe akiwa pale mlangoni, amevua kofia, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue mdomo.

"Zileteni kwangu," nikasema.

"Kwako?"

"Mzee atakaa kitini kando ya gari, aniambie la kufanya. Mimi nitalala chini."

Shemeji yangu alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mulamwa. Mwanamke alale chini ya gari la mume aliye hai? Ulisikia wapi?"

"Sijasikia. Ndiyo maana atakuwepo hapo, kila anayepita amwone kwamba yuko hai."

Kijana alinitazama magoti, kisha uso. Jioni hiyo alirudisha lile turubai, akampa babake mkononi kwa mikono miwili, na mzee akalipokea, akahesabu mifuko kwa kidole, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Miezi ikaenda. Muda wa oili ukafika tena. Sitaficha kwamba niliogopa. Tulipokuwa wasichana tulikatazwa kupanda juu ya paa, tulikatazwa kuruka miguu ya mwanaume aliyekaa, na mambo mengine ambayo wajukuu wangu wakisikia wanacheka. Mimi mwenyewe nacheka nao. Lakini kucheka ni kitu kimoja, na kujilaza chali chini ya gari la mume wako ukiwa bibi kizee ni kingine.

Tulianza asubuhi. Kijana aliisogeza pikapu kwenye ardhi iliyo sawa, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akawasha injini kidogo, akazima, akafungua boneti. Nilimwambia aende akakae kwake, maana nilijua mzee hataongea vizuri akiwa anatazamwa. Alienda mpaka mlango wake, akasimama pale. Nilitandika gunia. Nilivaa suruali ya zamani ya mzee chini ya rinda, nikafunga kitambaa kichwani, nikajisukuma chini taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

Jirani yangu, yule anayeuza kunde, akapita na karai lake kichwani. Akasimama.

"Mama, kumbe siku hizi wewe ni mekanika?"

"Ndiyo."

"Basi kesho tutakuona na ndevu."

"Zikiota nitakuazima za kumtishia mzee wako."

"Wangu hahitaji ndevu, anahitaji fimbo." Akamgeukia mzee kumsalimu. "Baba, mulembe. Unamsimamia fundi wako?"

"Namfundisha," mzee akasema. "Ni mgumu kidogo, lakini atajua."

Jirani akacheka akaenda. Na mimi pale chini nilitabasamu gizani, kwa sababu hiyo sauti ya mzee, hiyo ya kunitania mbele ya watu, nilikuwa sijaisikia tangu mwaka uliopita.

Nati ilikataa. Nilivuta mpaka bega likauma.

"Unakaza," mzee akasema kutoka juu.

"Nafungua."

"Unakaza. Umelala chali, mama. Mkono umegeuka. Fikiria uko juu, unatazama chini."

Nikafumba macho nikajifikiria juu. Nikavuta upande mwingine. Ikalegea kwa mlio, nikaimalizia kwa vidole, na oili ikaja yote mara moja, nyeusi na moto, ikaniingia kwenye mkono wa blauzi mpaka kwapani. Nilimtaja Mungu. Mzee alicheka kitini mpaka akakohoa.

"Kila mtu humwagikiwa mara ya kwanza. Mimi iliniingia mdomoni."

"Na ilikuwa tamu?"

"Kama chai yako."

Ilimwagika, ikawa uzi, ikawa matone. Akaniambia nisiwe na haraka, niiache ilie mpaka ichoke. Akaniambia niitazame ile pete ya shaba inayokaa kwenye nati, kama imepasuka nisiirudishe. Filta nayo iligoma, akanituma nikate kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, nikaizungushia, ndipo mkono ukapata pa kushika. Akaniambia nipake oili mpya kwenye ukingo wa filta mpya kwa kidole, kama unavyompaka mtoto mafuta kwenye midomo. Kila kitu alikuwa nacho. Hakukosea hata pahali pamoja. Mpaka nikaanza kuwaza kwamba labda tulimwonea, kwamba ile siku ya mvua ilikuwa mvua tu.

Nilifunga nati, nikakaza, nikatoka nikiwa nimekunjamana. Mzee alisema, weka oili. Nikachukua chupa ya maji iliyokatwa kitako tunayoitumia kama faneli, nikamimina mtungi mpya taratibu, nikipumzika, nikipima kwa kijiti. Rangi yake ilikuwa bado safi, kama asali ya msituni, maana dizeli haijaichafua. Ilifika kwenye alama ya juu. Nikamwonyesha mzee kijiti, akakitazama, akatikisa kichwa, akasema sawa. Nikafunga kifuniko.

Ile oili chafu niliimimina kutoka kwenye karai hadi kwenye mtungi wa zamani. Huwa tunapaka nguzo za ua kwa sababu ya mchwa. Nikauweka kando, nikaenda kunawa mikono kwenye pipa kwa sabuni na mchanga, nimempa mgongo.

Nilisikia kijana akiita, "Baba." Siyo kwa nguvu. Nikageuka.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya pikapu. Kifuniko cha oili kilikuwa mkononi mwake wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeinua ule mtungi wa oili chafu, mdomo wake ukiwa tayari juu ya tundu.

Zamani alinisimulia habari za trakta moja huko Lugari iliyojazwa oili kupita kiasi. Dizeli ikishibishwa hivyo inaweza kuanza kuinywa oili yake yenyewe. Ile trakta ilinguruma, wakazima ufunguo ikazidi kunguruma, ikajinywa mpaka ikapasuka, na watu walikuwa wamelala chini kwenye mahindi. Aliniambia hayo ili nijue kwa nini hapendi watu wa kujaza kwa kukisia. Sasa alikuwa amesimama pale ajaze juu ya iliyojaa, tena kwa uchafu. Na kijana alikuwa amekwisha kutoka mlangoni anakuja, na niliona usoni mwake kwamba akifika atamshika babake mkono.

"Wewe baki hapo," nikamwambia kijana. Akasimama.

Nikamwendea mzee na mikono yangu ikidondoka povu. Sikuushika mtungi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Gari haina oili. Mmeimwaga, halafu mmeiacha boneti wazi. Boneti iko wazi, haina oili."

"Ulinifundisha nini kabla ya kumimina?"

Akanitazama. Mtungi ulikuwa mzito.

"Kupima," akasema.

"Basi pima."

Aliuweka chini mtungi. Akachomoa kijiti, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakitoa, akakilaza kwenye mwanga. Hayo yote aliyafanya kama mtu anayeswali. Akagusa oili kwa kidole gumba, akaisugua na kidole cha shahada, akanusa.

"Imejaa."

"Ndiyo."

"Na ni mpya."

"Ndiyo."

"Nani ameitia?"

Ningeweza kumwambia ni yeye. Nilikuwa nimemnong'onezea majina ya nusu ya Ikolomani, hili lingekuwa moja tu zaidi. Kijana alikuwa anatusikia, na nadhani hata yeye alitaka niseme hivyo. Lakini mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshika kijiti na anakisoma sawasawa. Mtu anayesoma sawasawa huwezi kumdanganya juu ya alichokisoma.

"Nimeitia mimi. Wewe umeniambia, ukaitazama, ukasema sawa."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kabla sijaenda kunawa."

Alitazama pipa, akatazama povu mikononi mwangu, akatazama ule mtungi mchafu miguuni pake. Nilimwona anavyorudi nyuma akitafuta mahali hapo na hapaoni.

"Mimi sikumbuki," akasema.

Hakuwahi kulisema hilo. Miaka yote ya kupewa majina, hakuwahi. Alikaa kwenye kiti. Baada ya muda akamwita kijana, akamwambia akamlete baba yake mkubwa. Alipokuja, mzee alikunja lile turubai la spana, akalifunga kamba, akanipa mbele yao wote wawili.

"Mkubwa, umeona mkono uliotoa?"

"Nimeuona."

"Ni wangu?"

"Ni wako."

"Basi asije mtu akasema nilinyolewa."

Shemeji yangu aligeuka akatazama shambani, akabaki amegeuka hivyo. Mimi nilipokea. Kutoa mwenyewe ukiwa hai si kugawiwa, kila mtu kwetu anajua, na jambo lilikuwa limefanywa sawa, kwa shahidi, hakuna wa kulisema. Nilitegemea basi nitasikia wepesi. Sikusikia. Nilisikia uzito wa chuma tu.

Kesho yake alizitafuta. Nikamwambia, ulinipa mimi. Akauliza, mbele ya nani? Nikamwambia. Akaenda kwa ndugu yake kwa miguu kuhakikisha, akarudi ameinamisha kichwa, na siku hiyo ikawa kwake ndiyo siku ya kutoa. Wiki nyingine ikawa hivyo tena. Nilidhani nilikuwa nimemwokoa asinyang'anywe, kumbe nilikuwa nimempa kitu cha kunyang'anywa kila anapokumbuka. Kijana alisema tuuze gari. Nikamwambia, na utamwambia ilienda wapi? Hakusema tena.

Nimebadilisha ile oili mara kadhaa tangu hapo. Nati siikazi tena badala ya kuifungua. Kijana anataka kunisaidia na mimi namwacha asukume karai. Mzee tunamtolea kiti, tunamvisha koti, anakaa kando ya gurudumu la mbele. Mwanzoni alikuwa bado ananiambia, polepole, ngoja ilie, tazama pete. Halafu maneno yakapungua.

Mara ya mwisho hakusema lolote. Nilimaliza, nikapima, nikamletea kijiti akione kama ninavyofanya siku zote. Hakukisoma. Alinitazama mimi, uso wenye oili na kitambaa kichwani, akatabasamu kwa heshima, tabasamu unalompa mtu usiyemjua aliyekufanyia vizuri.

"Fundi," akasema, "umeifanya vizuri. Mwenye gari akija atafurahi."

Kijana alikuwa chini ya pikapu akitazama kama nati inavuja. Alimsikia.

Alikuwa ametulia, mzee. Koti lake limefungwa vifungo vyote, mikono magotini. Hakuna aliyemchukulia kitu. Hakuulizia spana siku hiyo, wala hajaziulizia tangu hapo, na chakula anakula.

"Nitamwambia," nikasema, nikafunga boneti.